Mama Aliyeuliza Kama Mtoto Alipona

Kabla hujaanza kunicheka, jua kwamba mimi si mtu wa mapepo. Mimi ni fundi cherehani wa Ndama, pembeni ya mji wa Kayanga. Nashona sare za shule na magauni ya komunio ya kwanza, na mtu akija kwangu na hadithi za majini humwambia atoe vipimo vyake aende zake, nina kazi. Kwa hiyo ukinisikia leo nasema nilikaa ukutani na mtu aliyekwisha kufa tukazungumza, usidhani ni mazoea yangu. Haya yalinipata asubuhi, jua limetoka, nina akili zangu zote. Na mashahidi wapo. Mmoja ana saluni hapo Kayanga, nenda kamuulize ukitaka, ingawa yeye ataanza kwa kukuonyesha picha.

Huyo mwenye saluni ni Devota, na safari ilikuwa yake. Alikuwa ameona kwenye simu lile jengo la mviringo la Kigali linalobadilisha rangi usiku, akasema hatutakufa bila kupiga picha mbele yake. Twende Ijumaa, turudi Jumapili, wikiendi moja tu tuwe watalii kama watu wengine. Mimi nilikubali upesi kwa sababu tangu nizaliwe mji mkubwa nilioufahamu ulikuwa Bukoba.

Wa tatu alikuwa Koleta. Huyu nikueleze vizuri, maana kisa ni chake. Koleta alikuja kwangu kujifunza kushona akiwa msichana, akabaki, na sasa mashine ya pili dukani ni yake. Alikulia Kibingo, kule Kyerwa. Wazazi wake walikuwa wametoka Rwanda. Baba alifariki mapema, na mama akawa anaishi kwa kulima vibarua kwenye migomba ya watu. Wakati ule watu waliotoka Rwanda walipoambiwa warudi kwao, Koleta alikuwa na miaka sita. Anachokumbuka yeye ni kuamka kwenye kitanda cha bibi jirani, nyumba ya karibu na chemchemi, na kuuliza mama yuko wapi. Akaambiwa atarudi. Yule bibi mwenyewe hakumaliza mwaka, akafariki, na mtoto akalelewa na familia ya mtoto wake wa kiume. Walimlea vizuri, sitawasema vibaya, lakini wao walichokijua ni kwamba mama alimwacha kwa bibi akaenda. Watoto wenzake walikuwa na maneno mafupi zaidi. Mama yako alikutupa.

Sasa Koleta alikuwa na mchumba, mwalimu wa shule huko Kimuli, kijana mtulivu na mwenye adabu. Mahari ilishazungumzwa. Padri alishaulizia tarehe. Na Koleta akagoma. Aliniambia siku moja tunapiga pasi, bila kuinua uso: "Dada, siwezi kwenda kuwa mama wa mtu kabla sijajua kwa nini wangu aliniacha. Nikimpata nitamuuliza hilo tu. Hata akinijibu vibaya." Mwanamke mmoja wa mnadani Murongo alikuwa amemwambia kwamba mama yake aliwahi kuonekana Kigali, mtaa wa Nyamirambo, miaka mingi iliyopita. Basi Devota alipotaja Kigali, Koleta aliacha sindano ikining'inia kwenye uzi. Mwalimu alimwambia nenda, nitasubiri. Lakini unajua na wewe, mchumba wa kusubiri naye ana mwisho wake, na wazazi wake walishaanza kuuliza kulikoni.

Tukaondoka Ijumaa kwa njia ya Benako. Pale Rusumo, mpakani, wakatukagua na kutunyang'anya mifuko yote ya plastiki, maana kule hawaitaki. Devota alinung'unika kama amenyang'anywa dhahabu. Na mimi nilikuwa nimebeba kahawa zetu za kutafuna, zile zinazochemshwa na majani zikakaushwa, ndani ya mfuko wa plastiki. Kwetu hata ukienda hospitali kumwona mgonjwa lazima uwe nazo, maana huwezi kumkaribisha mtu wala kuzungumza naye jambo la maana mkono ukiwa mtupu. Nikazimimina kwenye kitambaa, nikafunga fundo, Devota akazitia ndani kabisa ya sanduku lake. Nakueleza habari ya fundo hili kwa sababu lingekuwa mfukoni mwangu, leo ningekuwa mtu mwingine.

Tulifika jioni, tukapata chumba katika nyumba ya wageni hapo hapo Nyamirambo, tukalala watatu. Kesho yake mwili wangu ukaamka kwa saa za Tanzania, ambazo ziko mbele kwa saa moja. Wenzangu wanakoroma. Nikatoka nje kutafuta chai.

Kijana wa mapokezi akaniambia nisihangaike, leo ni umuganda. Ni kama msaragambo wa kwetu, ila kule ni nchi nzima, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Maduka yanafungwa, magari hayatembei, watu wako kwenye majembe na mafagio mpaka saa tano. Hakuna aliyetuambia. Tumesafiri kutwa nzima kuja kuangalia mji, na mji umefungwa. Mimi ukiniambia nikae ndipo ninapotaka kusimama, kwa hiyo nilitoka hivyo hivyo.

Niamini, sijawahi kuona mji mkubwa umenyamaza namna ile. Lami imefagiliwa, pikipiki zimepangwa hazina watu, milango ya chuma imeteremshwa. Kwa mbali, nyuma ya kilima, nilisikia watu wakilima mtaro na kucheka. Mtaa wenyewe ulikuwa mtupu. Nilitembea mpaka kwenye ngazi za zege zinazoteremka kwenda nyumba za chini, na pembeni yake kulikuwa na ukuta mfupi. Hapo alikuwa amekaa mwanamke.

Hakuwa mzee sana. Alivaa sweta la kijani lililochakaa viwiko, kitenge, na kitambaa kichwani. Niliona miguu yake ina tope jekundu, bichi, mpaka kwenye vifundo. Nikajisemea atakuwa ametoka kwenye msaragambo. Ila lami ilikuwa kavu, na ukiniuliza leo, tope la namna ile nimeliona shambani kwetu, sikuliona popote pengine Kigali. Lakini nani anachunguza miguu ya mtu asubuhi, ana njaa?

Akanisalimia kwa Kinyambo. Si Kinyarwanda kinachofanana na Kinyambo, hapana, Kinyambo chetu cha Karagwe, na kile cha zamani ambacho wajukuu hawakijui. Ungefurahi au usingefurahi? Nilifurahi mno. Nikaitikia, nikakaa karibu naye, tukasalimiana kwa urefu kama inavyotakiwa, habari za nyumbani, za ng'ombe, za migomba. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Ndama.

"Kibingo unapafahamu?"

Nikamwambia napafahamu.

Akageuka akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha kwa mgonjwa. Akaniambia, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu: "Kuna mtoto nilimwacha kwa bibi wa chemchemi. Namwita Kanyana. Alikuwa na homa, anachemka, hata maji hayashuki. Waliponiambia nipande lori, wakasema mtoto yule hafiki hai. Nikamwacha siku mbili tu, nione tunapelekwa wapi, nirudi. Waitu, mtu wetu, alipona?"

Jina la Kanyana sikuwahi kulisikia, lakini bibi wa chemchemi nilimjua, ni mara ngapi nimesimuliwa habari zake tukishona. Huyu alikuwa mama yake Koleta. Amekaa mbele yangu, na binti yake amelala hatua mia mbili kutoka hapo, amejifunika shuka.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa ndipo nilipokosea.

Ilikuwa neno moja tu. Alipona. Ningelisema, lingetoka kabla hujapepesa jicho. Lakini mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akituchapa tukimpa mgeni habari nzito kabla hajapewa kahawa. Habari ya kifo au ya uzima, alikuwa akisema, haitupwi mdomoni mwa mtu mkavu. Mkaribishe, apokee kwa mikono miwili, atafune, atulie, ndipo umwambie. Na nitakuwa mkweli kwako, haikuwa adabu peke yake. Nilitaka kumleta Koleta, nimsimamishe pale. Nilitaka niwe mimi niliyewakutanisha, nizione nyuso zao. Niliona hata namna Devota atakavyopiga picha.

Nikamwambia, "Mama, habari hiyo siwezi kukupa hivi hivi. Ngoja nikalete kahawa. Na nitaleta kitu kingine, utafurahi."

"Niambie tu, waitu."

"Dakika tano, mama. Ngoja."

Akainamisha kichwa. Akasema, si kwa hasira, kama mtu anayesema kuna mawingu, "Kila mtu huniambia ngoja."

Nikakimbia. Naam, mimi na mwili wangu huu, nilikimbia kupanda kile kilima. Nikamtikisa Koleta, nikamwambia vaa, mama yako nimempata, na nikapekua sanduku la Devota nguo zikaruka huku na huku mpaka nikalishika lile fundo. Koleta alitoka na kandambili, khanga juu ya gauni la kulalia. Devota akatufuata nyuma, nywele zake hazijachanwa, kitu ambacho hakijawahi kutokea hadharani.

Ukutani hapakuwa na mtu.

Nikateremka ngazi, nikapanda, nikaita. Koleta alisimama akiushika ule ukuta kwa mkono mmoja. Nikamwambia ameenda haja, atarudi. Nikamwambia alikuwa hapa sasa hivi, amevaa sweta la kijani, ameniuliza kama Kanyana alipona homa.

Koleta akaniangalia. "Jina hilo nani kakwambia?"

"Yeye."

"Hata mwalimu simwambii jina hilo," akasema. "Mama peke yake ndiye aliniita hivyo."

Tulikaa hapo mpaka watu wakaanza kurudi na majembe begani. Mama mmoja mnene wa Kiislamu, ushungi umejaa vumbi, akatuona wageni tumekaa kwenye ngazi zake akatukaribisha kwa Kiswahili, maana Nyamirambo Kiswahili kipo. Jina lake Mama Zuhura. Nikamuuliza mwanamke wa sweta la kijani anayeongea kama watu wa Karagwe anakaa nyumba ipi.

Akaweka jembe chini. Akauliza nimemwona lini. Nikasema leo, saa mbili na nusu hivi. Akauliza tena, kama vile mimi ndiye nisiyeelewa. Kisha akatuambia tuingie ndani.

Venansia, ndivyo alivyoitwa, alikuwa mpangaji wake wa chumba cha uani. Alifua nguo za watu. Alikuwa amekufa masika ya mwaka juzi kwa ugonjwa wa kifua, na Mama Zuhura mwenyewe ndiye aliyemwosha kwa sababu ndugu hakuwa na hata mmoja. Alipokuwa hai, Venansia alijaribu kurudi Kibingo mara mbili, akarudishwa mpakani kwa kukosa karatasi. Alituma salamu kwa kila mtu, hakuna jibu lililorudi. Basi akaanza kukaa pale ukutani kila asubuhi ya umuganda. Unajua kwa nini? Kwa sababu siku hiyo magari hayatembei, wasafiri waliotoka mbali hukwama mitaani, na yeye alitumaini siku moja atakwama mtu wa Karagwe. Akimwona mgeni anauliza swali lile lile. Watu walimzoea, wengine walimdhania amechanganyikiwa. Wanamwambia ngoja mama, nina haraka. Ngoja mama, nitakuulizia.

"Na si wewe wa kwanza kumwona tangu afe," akasema Mama Zuhura. "Ila wewe ndiye wa kwanza mwenye jibu."

Koleta alikuwa amekaa mkekani. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. Miaka yote ile alijiona ametupwa kama takataka, kumbe mwanamke wa watu alikaa ukutani akimuuliza kila mpita njia mpaka pumzi ya mwisho, na hata baada ya hapo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunasema kila siku kanisani na kwenye harusi, lakini siku ile niliuona umekaa na miguu yenye tope. Nilitaka kumkumbatia Koleta. Akanisukuma mkono polepole, akauliza.

"Dada, ulimwambia nilipona?"

Ningeweza kudanganya. Devota alikuwa akinikonyeza nidanganye, naapa. Uongo ule ungekuwa mtamu na hakuna ambaye angeujua. Lakini niliona nimeshamdanganya mama kwa kumwahidi dakika tano, siwezi kumdanganya na mtoto.

"Sikumwambia," nikasema. "Nilikuwa nimekuja kuchukua kahawa."

Hakunisemesha siku ile yote. Jengo la mviringo hatukuliona, na Devota, kwa heshima yake, hakulitaja hata mara moja. Usiku nilimsikia Koleta amegeukia ukutani anarudia kitu kwa Kinyarwanda chake kidogo, kama mtoto anayekariri sala, na mimi nilikuwa macho nikimsikiliza.

Jumapili Mama Zuhura akatupeleka makaburini. Ni mbali, kwenye mteremko, makaburi yamepangwa kwa safu. Pale kwa Venansia palikuwa na msalaba mdogo wa mbao ambao mwanamke wa Kiislamu alikuwa ameununua na kuusimamisha kwa ajili ya rafiki yake Mkristo. Koleta akapiga magoti kwenye nyasi. Aliyoyakariri usiku yote yakampotea. Akalia kwanza, akalia sana, mpaka Devota naye akaanza. Kisha akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo sijui hata kama mama yake aliijua vizuri:

"Mama, nilipona. Ni Kanyana. Nilipona kesho yake tu."

Ungependa nikwambie kulivuma upepo, au ndege alitua msalabani. Hakuna kilichotokea. Mtu mmoja chini kule alikuwa akifyeka nyasi, akaendelea kufyeka.

Koleta aliolewa Kimuli miezi minne baadaye. Gauni nilishona mimi, na siku nilipokuwa nampima kiuno ndipo aliponiambia amenisamehe, bila mimi kuuliza. Aliniambia, "Dada, bila kukimbia kwako nisingejua kitu." Ni kweli. Nashukuru. Lakini yeye alikuwa na haki ya kunisamehe kwa upande wake tu. Upande wa pili nani atanisamehe?

Nimerudi Kigali mara tatu tangu hapo, mara zote Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mume wangu anadhani nanunua vitambaa. Nafika Ijumaa, nalala kwa Mama Zuhura, na asubuhi mtaa ukinyamaza nakwenda kukaa kwenye ule ukuta. Mkono mtupu. Sijabeba kahawa hata punje. Nakaa tu, nikisikia majembe ng'ambo ya kilima, na kila mguu ukipita nainua kichwa. Yule mama sijamwona tena. Mama Zuhura ananiambia labda alisikia pale makaburini, akapumzika. Labda. Wafu wanasikia kwa masikio gani, mimi sijui, na wewe hujui. Wakati mwingine, mtaa ukiwa mtupu kabisa, nalisema lile neno kwa sauti, nione aibu nisione. Alipona, mama. Alipona, ana mume, ana mimba. Halafu nasubiri mpaka saa tano, magari yanaanza kupita, nainuka.

Kwa hiyo wewe uliyekaa hapo, ambaye pengine una neno la mtu moyoni, unalihifadhi mpaka mkutane vizuri, mpaka sikukuu, mpaka upike, mpaka upate nauli ya kwenda na zawadi. Ngojangoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia si lako. Mwambie leo. Mwambie amesimama mlangoni, mwambie kwenye simu ya kuazima, mwambie hata kama utaonekana huna adabu. Maana huwezi kujua anayekuuliza amebakiwa na dakika ngapi, au kama alishazimaliza zamani na amekuja kwa jibu hilo moja tu.